Mkanda Uliobaki Ukizunguka

Jina la utani lilikuwa limemeza jina lake la kuzaliwa. Hilo la kuzaliwa alibaki nalo mama yake tu, naye alilitumia akiwa na hasira. Wengine wote walimwita Mapafu. Kaka yake ndiye aliyembandika jina hilo, utotoni, siku waliposhindana kuzuia pumzi ndani ya pipa la maji uani. Mdogo mtu alikaa chini ya maji hadi mama akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akidhani mtoto keshamfia. Alipoibuka, kaka mtu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, huyu si mtoto. Haya ni mapafu yameota miguu."

Kaka mwenyewe aliitwa Sindano. Alikuwa mwembamba, ndiyo, lakini jina halikutokana na mwili. Lilitokana na saksafoni yake ndogo, ambayo sauti yake ilipenya kelele zote za ukumbi wa dansi, vicheko na viti vikiburutwa, ikamfikia hata aliyesimama nje akimsubiri mwenzake. Alianzisha bendi ya jazi angali kijana, akamfundisha mdogo wake saksafoni kubwa ili apate mtu wa sauti ya pili humo humo nyumbani. Baba yao alikwisha kufa, kwa hiyo Sindano alikuwa kaka, mwalimu na kiongozi wa bendi kwa mpigo. Ukikosea noti jukwaani, kosa lilikufuata mpaka mezani, likakaa nawe kula.

Alioa fundi cherehani. Siku ya harusi mpiga ngoma wa bendi, mtu mnene aliyeitwa Mgongo, alisimama akasema, "Fundi kaolewa na sindano. Basi uzi tutauona karibuni." Ukumbi ukacheka, na uzi ukaonekana kweli. Bendi ilipoitwa redioni kurekodi kwa mara ya kwanza, tumbo la shemeji lilikuwa halifichiki tena ndani ya gauni.

Studio ya redio ilikuwa chumba kisicho na dirisha. Kuta zilifunikwa mbao zenye matundu madogo, na zulia lilikuwa limechakaa mahali waimbaji wa miaka yote walipokanyaga. Mlango ulikuwa mzito, umezungushiwa mpira pembeni. Ukifungwa, masikio yalijisikia kama yamejazwa pamba. Nyuma ya kioo alikaa fundi mitambo, mzee mkavu aliyezungumza kwa vidole zaidi kuliko kwa mdomo. Maikrofoni ilikuwa moja tu. Aliwapanga kwa umbali: saksafoni mbele, gitaa nyuma yao, na Mgongo huko pembeni kabisa akinung'unika kwamba kahamishiwa wilaya nyingine.

Wimbo wa kwanza waliupiga mara moja, ukakubali. Taa nyekundu ikazimika. Sindano akailaza saksafoni yake juu ya kiti, akajifuta jasho kwa leso, akatoka kupunga upepo kabla ya wimbo wa pili.

Hakurudi.

Mwanzo walidhani yuko msalani. Halafu wakadhani kafuata sigara. Mlinzi wa geti alisema alimwona akivuka barabara, mikono mfukoni, akipiga mluzi, kama mtu anayekwenda hapo tu. Baada ya huyo mlinzi hakuna mtu aliyesema amemwona tena. Walizunguka hospitali, vituo vya polisi, nyumba za ndugu, na nyumba nyingine ambazo shemeji hakupaswa kuzijua. Mapafu aliingia chumba cha maiti akafunuliwa shuka moja baada ya jingine, na kila uso usio wa kaka yake ulimpa nafuu, na ile nafuu ikamchoma kuliko hofu. Sindano hakuwa na ugomvi na mtu. Hakuondoka na koti wala mkoba. Ardhi ilimmeza, ikajifuta mdomo.

Msiba una taratibu zake. Watu huja, hulia, huzika, hutawanyika. Huu haukuwa na pa kuanzia. Majirani walikuja wakakaa kimya sebuleni, hawajui waseme pole au waseme atarudi, mwishowe wakasema yote mawili. Mtoto akazaliwa katikati ya kimya hicho, wa kike, shingo ya baba yake, macho ya baba yake, hata wageni wakimtazama wanainamisha vichwa.

Ukumbi wa dansi nao ulikuwa unaisubiri bendi. Mgongo ndiye aliyesema kile ambacho wengine walikiogopa.

"Noti zake zote unazijua wewe. Chukua ile ndogo, tukafanye kazi. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Yupo," Mapafu akajibu.

"Sawa, yupo. Basi mshikie mpaka aje."

Mapafu akaitoa saksafoni kubwa kwa shule moja iliyokuwa inaunda bendi, akaishika ya kaka yake. Mdomo wake wa kupulizia ulikuwa bado una alama za meno. Aliusafisha, akaurudisha, kisha akakaa chumbani wiki kwa wiki akitafuta namna Sindano alivyoikaza midomo, alivyoichelewesha pumzi, alivyoiachia noti ianguke kidogo mwishoni kama mtu anayekaa kitini. Dansi la kwanza lilikuwa la Jumapili mchana. Alipoanza kupiga, mwanamke mmoja karibu na jukwaa alipiga yowe, "Karudi!" Nusu ya ukumbi ikageuka kutazama mlangoni. Na Mapafu, aliyekuwa na chombo chenyewe mdomoni, naye aligeuka.

Aliiongoza bendi hiyo miaka mingi, na chini yake ikapata jina kubwa kuliko chini ya kaka yake. Walisafiri, walialikwa, walipigiwa makofi na watu waliovaa tai. Watu walimsifu kwa sentensi ile ile: "Sindano hakupotea. Kahamia kwa mdogo wake." Walidhani wanampa zawadi. Yeye alijisikia kama mtu anayesifiwa nguo za kuazima. Na nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Alikuwa akifanya mazoezi sebuleni siku moja alipomwona mama yake amesimama kwenye korido, mkono juu ya ukuta.

"Mwanangu," mama alisema, na safari hii alimwita kwa jina lake la kuzaliwa bila hasira yoyote, "kapigie mbali. Kila ukipiga nainuka kwenda kumfungulia mlango. Magoti yangu yamechoka."

Tangu hapo hakupiga tena ndani ya nyumba ile.

Siku moja fundi mitambo wa redio, akikaribia kustaafu, alimpigia simu aende ofisini kwake. Alikuwa anapanga kabati. Akamwonyesha mkanda wa sumaku, gurudumu la kahawia ndani ya kasha la karatasi ngumu.

"Ni ule wimbo wenu. Haukutangazwa kamwe, wakubwa waliona si vizuri, mtu hajulikani alipo. Lakini kuna jambo. Siku ile mlipomaliza, nilikuwa nawasha sigara. Nikasahau kusimamisha mashine. Mkanda ukabaki ukizunguka."

Akaupachika kwenye mashine, akausogeza hadi mwisho wa wimbo. Noti ya mwisho ikafa. Viti vikalia. Mgongo akakohoa. Kisha nyayo zikapita kutoka karibu kwenda mbali, na huko mbali, chini ya mvumo wa mashine, mwanamume akasema maneno machache yasiyoshikika. Kisha mlango. Kisha hakuna.

Mapafu akainamia spika. "Ni yeye. Anasema nini?"

"Sijui ni nani wala anasema nini. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo."

"Rudia. Ongeza sauti."

"Nikiongeza yeye, naongeza na mvumo. Mashine inatoa ilichopewa. Ukitaka zaidi ya hapo, jifunze kazi."

Mzee alisema kwa mzaha. Mapafu aliichukua kama amri. Kuanzia siku ile kila asubuhi alikaa pembeni ya fundi mitambo mpaka yule mzee alipoaga kazi. Alijifunza kusafisha vichwa vya mashine vinavyosoma mkanda kwa spiriti na pamba, kukata mkanda kwa wembe kwa mshazari na kuunga bila mshono kusikika, kutofautisha maikrofoni mbovu na mwimbaji mbovu. Ule mkanda alipewa auondoe kabatini kabla haujafutwa ili urekodiwe taarifa za hali ya hewa. Baada ya muda akamwachia Mgongo bendi, akapanga vyumba viwili nyuma ya duka la vioo, akavipigilia magunia na magodoro ya zamani ukutani, akafungua studio yake.

Watu walishangaa. Mpiga saksafoni wa kiwango kile anajifungia gizani kubonyeza vitufe? Lakini walipopeleka nyimbo zao wakanyamaza. Hakuna aliyesikia kama yeye. Wanamuziki walisema Mapafu anasikia mbu akipiga miayo. Aliwahi kusimamisha kwaya nzima kwa sababu ya saa ya mkononi ya mtu wa safu ya nyuma. Aliwahi kumwambia mwimbaji mmoja wa kike, katikati ya kazi, "Dada, wimbo tuuache leo. Nenda kapimwe kifua. Pumzi yako inagonga kitu." Dada alinuna, akaenda, akalazwa, akapona, na akarudi kumaliza wimbo wake. Wote waliona ni kipaji. Hawakujua kwamba sikio lile lilinolewa juu ya jiwe moja.

Maana kila siku mteja wa mwisho alipoondoka, jua likiwa bado linamulika vioo vya duka la mbele, alikuwa akifunga mlango, anaupachika mkanda, anaupeleka mbele haraka hadi mwisho wa wimbo, anasikiliza. Alipunguza mvumo, akakata sauti nzito, akapandisha nyembamba. Na maneno yakabadilika kila mwaka. Kuna mwaka alisikia "Mimi nakwenda." Kuna mwaka alisikia "Mtunze mwanangu," na mwaka huo akamnunulia bintiye kaka viatu vingi kuliko miguu yake. Mama yao alipokufa, akasikia waziwazi kabisa "Mwambie mama," na hakulala vizuri mpaka msimu ukabadilika. Hakuoa. Mashangazi walisema sana, wakachoka. Mwanamke gani angekubali kuishi na mtu ambaye ukimwita anainua kidole kwanza, kana kwamba unamkatizia mwenzake?

Shemeji alijua habari za mkanda. Alialikwa kuusikiliza mara nyingi, akakataa kila mara bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Shemeji, mimi nilimsikia akiwa mtu. Sitaki kumsikia akiwa mvumo."

"Labda wewe utayashika maneno."

"Na nikiyashika, atakuja kula?"

Akageuza kitambaa, akashona. Aliendelea kumlea binti yake, akamsomesha, binti akawa mwalimu wa hesabu. Alimwita Mapafu baba mdogo, alimpenda, lakini muziki haukumgusa. Mwenyewe alisema akiimba bafuni, mbuzi wa jirani wanaomba radhi.

Kisha mkanda ukaanza kuzeeka. Ulinata kwenye mashine, ukalia kama mlango wa kabati, na Mapafu alipoupitisha kidole, unga wa kahawia ukabaki kwenye ngozi. Aliyekuwa amebaki humo alikuwa anatoka kama vumbi. Ikabidi auhamishie kwenye kompyuta, na alijua utavumilia kupita mara moja tu. Aliuacha uende wote, tangu mwanzo, spika zikiwa zimezimwa, akitazama taa tu zikipanda na kushuka wimbo ulipokuwa unapita. Mwisho ulipofika akafungua sauti. Haukuwahi kusikika safi hivyo, na bado hakuyashika maneno.

Alikwenda kwa shemeji siku hiyo hiyo, hajavua hata miwani. Hakumbembeleza. Alimwonyesha kidole chake chenye ule unga.

Shemeji akakitazama kile kidole. Akazima cherehani, akajifunga mtandio. "Twende."

Alikaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Mapafu akamwekea kile kipande cha mwisho peke yake. Viti, kikohozi, nyayo, sauti, mlango.

"Rudia," shemeji alisema.

Akarudia. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hiyo si sauti ya mume wangu."

"Shemeji, sikiliza vizuri. Maneno je, umeyashika?"

"Maneno nimeyashika mara ya kwanza. 'Funga mlango, bwana.' Si yeye anayesema. Ni wewe."

Mapafu alicheka, kicheko kifupi kisicho na nyumba. "Mimi?"

"Nyinyi mlikula mezani kwangu kila siku. Yeye akisema 'bwana' ni kama anakuomba. Wewe ukisema ni kama unafukuza kuku. Mpaka leo."

Mapafu akabonyeza tena. Na sasa, kwa kuwa ameambiwa, hakuweza kusikia kingine. Kijana aliyechoka, ana joto, amesogea ukutani mbali na maikrofoni, kelele za korido zinaingia, kaka yake kaacha mlango wazi. Funga mlango, bwana. Hakukumbuka kusema. Alijaribu kukumbuka pale pale kitini, akakuta ukuta mtupu. Maneno ambayo aliyatafuta tangu ujana mpaka mvi, aliyoyasikia yakimpa kwaheri, usia na salamu, yalikuwa yake mwenyewe, na yalikuwa ya hovyo, ya kila siku, ya kumwambia mtu anayerudi sasa hivi.

"Na yeye?" aliuliza. "Yeye hasemi kitu?"

"Hasemi." Shemeji alisimama, mkoba mkononi. "Lakini aliufunga. Umsikilize. Aliufunga polepole."

Studio haikufunguliwa kwa siku kadhaa. Mgongo, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alikwenda kubisha asifunguliwe, akaketi kwenye ngazi ya duka la vioo akipiga midundo kwenye magoti mpaka akachoka. Aliyefunguliwa ni binti. Alikuwa ametoka kazini, mikono ina chaki.

"Baba mdogo, mama kanieleza. Nimekuja kusikiliza."

"Hakuna kitu, mwanangu. Ni mlango tu."

"Mlango wa nini? Nataka wimbo." Akavuta kiti. "Mimi sijawahi kumsikia baba akipiga. Hata mara moja."

 Ilikuwa kweli, na haikuwahi kumpitia Mapafu akilini. Bendi ile haikurekodi kitu kingine na Sindano. Na yeye mwenyewe, aliyekuwa na wimbo huo mkononi maisha yake yote, alikuwa akiurusha upite haraka kila siku kama mtu anayepita sokoni kwenda kaburini. Tangu siku ile ya studio hakuwahi kuusikiliza.

Akauanzisha mwanzoni. Gitaa likafungua njia, Mgongo akaingia kutoka wilaya yake ya mbali, na saksafoni ndogo ikaja juu yao, nyembamba, kavu, haina haraka. Binti akainama kuelekea spika. Kabla ya kila mstari mtu alisikika akivuta hewa, hewa nyingi, kwa pupa kidogo.

"Huyo ndiye?"

"Ndiye."

"Anapumua sana."

"Alikuwa anavuta sigara. Nilimkataza, akaniambia mapafu yapo nyumbani, hayaishi."

Binti akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja, akayafuta, chaki ikabaki shavuni. Saksafoni kubwa ikapokea zamu. Ilikuwa nzito, pana, ina aibu kidogo mwanzoni, halafu ikazoea ikawa inatembea kwa miguu yake.

"Na huyu?"

"Huyu ni mimi."

Binti alisikiliza kwa umakini uleule anaoutumia kusahihisha madaftari. "Hamfanani," alisema. "Hata kidogo."

Mapafu alivua miwani. Sauti ile aliisikiliza kama mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu ambaye hakuambiwa kuwa alizaliwa. Wimbo ulifika mwisho. Mkono wake uliinuka kuusimamisha, ukarudi chini. Viti, kikohozi. Funga mlango, bwana. Mlango ukafungwa, polepole.

Binti alingoja. "Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

Sindano hakuonekana tena, wala hakuna aliyeleta habari zake, mpaka wote waliomtafuta walipoanza kufa kwa zamu zao. Lakini baada ya siku ile Mapafu alimpa binti saksafoni ndogo aiweke nyumbani kwake, akaenda kuazima saksafoni kubwa kwa bendi moja aliyoirekodia. Mapafu ya uzeeni hayakuwa yale ya ndani ya pipa. Noti ndefu zilimkatikia njiani. Hata hivyo kila alasiri alikwenda kwa shemeji, akakaa kwenye kiti cha sebuleni, akaupiga wimbo ule. Alipiga zamu zake tu. Zamu za sauti ya kwanza aliziacha wazi, akihesabu midundo kwa kisigino, mdomo umeachia chombo. Katika nafasi hizo, chumba cha pili, cherehani nayo ilikuwa ikisimama mpaka nafasi ilipojaa, kisigino kikashuka, naye akaingia tena.